Baka Kiunoni mwa Mtoto

Simu ilipolia, Dada Pasi alikuwa ameinamia kola ya shati jeupe ambalo mtu alikuwa amelitia wanga kupita kiasi. Aliibana simu kati ya sikio na bega, mkono mmoja bado uko kwenye pasi.

"Dada, umekuwa shangazi," mdogo wake akasema. "Wa kike. Lakini mama yake alipasuliwa, na kidonda kimeingia usaha. Kuinama hawezi, kunyanyua kitu hawezi. Mama mkwe naye anamuuguza mzee, hawezi kuja sasa. Sina mtu mwingine."

Shati lile liliponea chupuchupu. Mwenye duka, mama mnene aliyejaa maneno na huruma kwa kiasi kilekile, alimwona anavyoizunguka meza bila kujua anatafuta nini, akamnyang'anya pasi mkononi.

"Nenda, bwana. Mashati hayanyonyi. Yatakusubiri."

Mtaa mzima wa madobi ulimwita Dada Pasi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kazi ile aliianza baada ya ndoa yake kuvunjika. Mumewe alikuwa mtu mwema hadi pale alipochoka kungoja mtoto. Siku moja akaja nyumbani na mwanamke ambaye tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuonekana. Dada Pasi akakunja nguo zake, akazipanga vizuri kwenye begi, akaondoka bila kumtupia mtu neno. Wazazi walikuwa wamekwisha kufariki. Aliyembakia ni huyu mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na siku ya harusi yake akamnyooshea suti hadi mkunjo wa suruali ukawa kama wembe.

Alipofika kwao, ghorofa ya pili, aliikuta nyumba imepinduka. Vyombo vimelundikana jikoni, nepi zimeanikwa hadi kwenye mlango wa jokofu, na wifi yake kajilaza kwenye kochi, mikono yote miwili imeshika tumbo kana kwamba kuna kitu kitadondoka. Wifi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti kubwa na vicheko vikubwa zaidi, lakini siku ile alikuwa mdogo kama mmoja wa wanafunzi wake.

"Wifi, darasa zima la watundu siliogopi," akasema, "lakini huyu mmoja ananitoa jasho."

Dada Pasi akaosha mikono, akaitazama. Viganja vilikuwa vimekakamaa kwa sabuni na joto la miaka, na kwenye kidole gumba cha kulia palikuwa na kovu la kuungua, linang'aa. Akajipaka mafuta, akayasugua, akajipaka tena.

"Mimi nitamkwaruza."

"Mkwaruze tu. Nani mwingine atamshika? Baba yake anambeba kama anabeba kompresa ya friji."

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi, viwiko nje kama mabawa, akanuna. Wifi akacheka, kisha akapiga kelele, "Msinichekeshe, mshono utafumuka!" Hivyo ndivyo mtoto alivyoingia mikononi mwa shangazi yake: katikati ya kicheko na kilio. Alikuwa mwepesi kuliko mkoba. Alifumbua jicho moja, akamkagua yule mtu mpya, akalifumba. Tangu hapo Dada Pasi akamwita Bosi, kwa sababu alitoa amri kutwa nzima na hakusema asante.

Kazi ya kumwogesha ikawa ya shangazi peke yake. Aliweka beseni juu ya meza ya chakula, akapima maji kwa kiwiko, akamshika Bosi kichwa kwa mkono wa kushoto na kumwosha kwa wa kulia, taratibu, huku akimhadithia habari za wateja: bwana mmoja anayeleta soksi zipigwe pasi, na bibi harusi aliyelilia doa la chai. Wifi alisikiliza kutoka kwenye kochi. Alipoletewa mtoto, alikuwa ameshafungwa kwenye shuka, ananukia sabuni, tayari kwa kunyonya.

Siku chache baadaye, Dada Pasi alimvua Bosi nguo akakuta kifua chote kimejaa madoa mekundu, kila doa na kichwa kidogo cha manjano katikati, kama mtu aliyeumwa na kundi la mbu. Hakungoja maji yapoe. Alimfunga mtoto, akashuka ngazi na kandambili za kuogea, akakata mtaa hadi kliniki.

Nesi aliyewapokea alikuwa mwanamke mrefu, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alilinyanyua shati la mtoto, akaangalia kifua, akaangalia uso.

"Ananyonya?"

"Ananyonya kama amekodiwa."

"Ana joto? Analegea?"

"Hapana, nesi."

"Basi hana kitu. Watoto wachanga wengi hutoka haya. Leo yako kifuani, kesho yatahamia mgongoni, keshokutwa hutayaona. Usipake dawa. Ukiona malengelenge yenye maji, au akipata homa, au akikataa ziwa, hapo mlete mbio, hata kandambili usivae." Akatazama miguu ya Dada Pasi, akatabasamu. "Na hivi vyeupe puani, hivi kama chembe za chumvi, msiviminye. Vitaondoka vyenyewe."

Akarudi nyumbani mwepesi, lakini habari za kandambili zilikuwa zimemtangulia, kwa sababu jirani wa chini alimwona anavyokimbia. Fundi alicheka hadi akakaa chini. Wiki iliyofuata ngozi ya Bosi ikaanza kubambuka kwenye vifundo vya miguu na viganja, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na Dada Pasi akashikwa na hofu upya. Safari hii alimtuma Fundi na picha kwenye simu. Fundi akarudi na jibu, akalitoa kwa sauti ya nesi, mkono kiunoni:

"Mwambie shangazi, mtu huyu ameishi majini miezi yote hiyo. Sasa amefika nchi kavu, anavua koti!"

Wifi akacheka na kushika tumbo. Jirani wa chini, aliyepanda kuleta ndoo, naye akacheka. "Tumepata daktari wa ngozi nyumbani," akasema. Dada Pasi alicheka pamoja nao. Lakini kicheko kile kiligusa mahali fulani. Watu hawa walikuwa wanampenda, alijua hilo. Ila aliona pia kwamba wote walijua kwa nini mwanamke wa umri wake anashtuka kwa kila kipele. Akajiambia kwamba kuanzia siku ile hatakimbia tena ovyo.

Kwa hiyo alipoliona lile baka, alinyamaza.

Lilikuwa chini ya mgongo, limeteremka hadi kwenye tako la kulia: rangi ya bluu iliyoingiliwa na kijivu, kingo zake hazieleweki zinaanzia wapi. Kwa jicho la dobi, jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba shuka jipya la bluu limechuja rangi. Akachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu, akafuta. Halikutoka. Akafuta tena, polepole zaidi. Akabonyeza kidogo kwa ncha ya kidole, akimtazama Bosi usoni. Bosi akapiga miayo. Hakukuwa na uvimbe wala joto. Basi, akasema moyoni, na hili nalo litakuwa la kuvua koti. Akamvalisha.

Siku zikaenda, baka likazidi kujitokeza kadiri ngozi ya mtoto ilivyokolea rangi yake. Kila alipomwogesha alilitazama, na kila alipolitazama alisema kesho nitamwambia wifi. Kesho ikifika, wifi anaumwa, au anacheka, au amelala. Neno lile likazidi kuwa zito kulitoa.

Kisha bibi akaja, mama yake wifi. Mzee alikuwa amepata nafuu, na yeye akapanda basi siku ileile. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono myepesi, amelea watoto wake na wa wenzake, na uchovu wa kuuguza ulikuwa umemchonga mashavu. Alimkumbatia Dada Pasi mlangoni kwa muda mrefu.

"Mwanangu, umetubebea mzigo," akasema. "Sasa keti. Leo namwogesha mimi."

Dada Pasi aliketi kando ya wifi. Ilikuwa asubuhi ya jua, dirisha wazi, redio ya jirani inaimba. Walisikia maji yakimwagika kwenye beseni, wakamsikia bibi akimwimbia mtoto. Wimbo ukakatika.

"Njooni hapa."

Walikwenda. Bibi alikuwa amemlaza Bosi kifudifudi kwenye paja lake, na hakuwa akiwatazama.

"Nani amemfanya hivi mtoto huyu?"

Wifi akainama kadiri kidonda kilivyomruhusu. Alikuwa hajawahi kuuona mgongo wa mwanawe kwenye mwanga wa jua. Akashika mdomo.

"Liko siku nyingi," Dada Pasi akasema haraka. "Nilidhani ni rangi ya shuka. Halimuumi, nimelibonyeza..."

"Umelibonyeza," bibi akasema.

"Kuangalia tu, mama."

"Umeliona siku nyingi, na hukusema?"

Dada Pasi akafungua mdomo. Alitaka kueleza habari za kandambili na koti na kicheko cha jirani, lakini mambo hayo, yakipangwa mbele ya mtoto mwenye baka mgongoni, yalikuwa ya kipuuzi kabisa. "Niliona haya," akasema.

"Haya ya nini?"

Bibi akamgeuza mtoto, akamfunga, akamkumbatia kifuani. Alipozungumza tena hakupandisha sauti, na hapo ndipo maneno yalipouma.

"Nina mjukuu mwingine, wa mwanangu mkubwa. Alivunjwa mkono na msichana aliyekuwa anamlea. Na yule msichana naye aliapa. Sikuambii wewe ni mtu mbaya, mwanangu. Lakini angalia mikono yako. Mtu ambaye hajazaa hawezi kujua uzito wa mkono wake mwenyewe."

"Mama!" wifi akasema, lakini hakusema zaidi. Dada Pasi alimgeukia, akangoja. Wifi alikuwa anaangalia sakafu.

"Twendeni kliniki," Dada Pasi akasema. "Sasa hivi. Nesi aangalie."

"Tukajipeleke wenyewe?" bibi akasema. "Wakiona alama kama hii kwa mtoto mchanga, unafikiri watauliza nani alikuwa anaogesha? Wataita polisi, na wa kwanza kuhojiwa ni mama yake."

Hilo lilimtisha wifi kuliko yote. Akakaa, akaanza kulia, na kidonda kikamuuma kwa kulia kama kilivyomuuma kwa kucheka.

Fundi alirudi jioni, jua bado liko juu ya mapaa, mikono ina grisi. Waliongea naye chumbani, mlango umefungwa. Dada Pasi alibaki jikoni akiosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Alijua hatua zake anapotoka. Hatua zile yeye ndiye aliyezifundisha kutembea. Alikuja akasimama karibu na jiko, akajifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Dada," akasema kwa upole, "labda ulimshika kwa nguvu kidogo bila kujua. Mtoto anateleza, unamdaka. Hakuna atakayekulaumu. Sema tu, yaishe."

Kama angefoka, Dada Pasi angejitetea. Upole ule ulimnyima pa kusimamia.

"Nilikulea wewe," akasema. "Niliwahi kukufinya?"

Fundi akatazama kitambaa.

"Niliwahi?"

"Hapana."

"Basi siwezi kusema nimefanya jambo ambalo sijafanya. Hata kama litaisha."

Hakufukuzwa. Hakuna aliyetamka neno hilo. Bibi alisema tu kwamba yeye sasa yupo, na kwamba Dada Pasi ana kazi yake inamngoja. Akakusanya nguo zake. Aliomba ambebe Bosi mara moja kabla ya kutoka, na wifi akasema, bila kumtazama, kwamba ndio kwanza amelala. Bosi hakuwa amelala. Walimsikia wote, chumbani, anaita kwa ile sauti yake ya amri. Dada Pasi akashuka ngazi.

Dukani mwenye duka alimwuliza mtoto hajambo, akajibu hajambo, na kwa kuwa hakuongeza neno, mwenye duka kwa mara ya kwanza maishani mwake naye hakuongeza. Dada Pasi akarudi kwenye meza yake. Alinyoosha mashati, suruali, sare za wahudumu. Mwili ulijua kazi, na akili ikabaki huru kumtesa.

Mwanzoni alikuwa na hasira, na hasira ilimsaidia. Kisha ikaanza kupungua, na mahali pake pakaingia swali. Alikumbuka asubuhi moja ambapo Bosi alirusha mguu na kichwa kikateleza kwenye kiganja, naye akamdaka. Alimdaka wapi? Kwa nguvu gani? Aliirudia asubuhi ile hadi haikuwa tena kumbukumbu, ikawa kitu alichokitengeneza mwenyewe, na kila alipokitengeneza vidole vyake vilikaza zaidi. Alijibonyeza mkono kuona kama patabaki alama. Paliposalia wekundu kidogo, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiutazama hadi ukaondoka. Wateja walipoingia dukani na watoto mgongoni, alijitafutia shughuli nyuma, kwenye mapipa ya kulowekea. Siku moja likaletwa gauni la mtoto, la kubatizwa au la sherehe nyingine, kitambaa laini chenye marinda madogo. Akalisukuma kwa mwenzake. "Nipigie wewe," akasema. "Mikono yangu mizito."

Fundi alikuja mchana mmoja, wakati wa joto kali, mvuke umejaa duka zima. Dada Pasi alimwona kupitia safu ya mashati yaliyoning'inia kwenye hanga. Kwanza viatu, kisha suruali yenye grisi. Alisimama pale katikati ya mashati kama mtu aliyepotea njia.

"Tulikuwa kliniki," akasema. "Chanjo."

Dada Pasi akaisimamisha pasi.

"Nesi alimvua nguo zote. Yule mrefu. Sisi tulikuwa tumeshikana mikono, tunangoja atuulize. Akaliona baka, akaendelea kuandaa sindano. Mke wangu akashindwa kuvumilia, akauliza yeye: nesi, na hili? Akasema, hilo? Hilo ni la kuzaliwa nalo. Ni rangi tu iliyokaa ndani ya ngozi. Watoto wengi wanalo, mgongoni, matakoni, wengine hata mabegani. Mara nyingine halionekani vizuri mpaka mtoto akolee rangi. Litafifia lenyewe akikua." Akameza mate. "Akasema alama ya kipigo hubadilika. Inakuwa kijani, inakuwa manjano, inaisha. Hii inabaki vilevile."

Mwenye duka alikuwa ameacha kuhesabu vifungo. Mwenzake Dada Pasi aliinamisha kichwa kwenye kazi yake.

"Na hii ilibaki vilevile?" Dada Pasi akauliza.

"Ilibaki."

"Tangu nilipoondoka."

Fundi akasema kwa sauti ya chini sana, "Niliiangalia kila siku, dada. Nikingoja iishe. Haikuisha. Mama mkwe alisema damu iliyovilia ikiwa nyingi huchelewa kuisha. Lakini mimi nilianza kujua."

"Ulianza kujua. Na hukuja."

"Niliona aibu."

Dada Pasi alitazama uso wa mdogo wake. Ulikuwa uso uleule wa mtoto aliyevunja kikombe akakificha chini ya kitanda. Alitegemea kwamba siku ya kusafishwa jina lake moyo ungefunguka, apumue. Badala yake akashika ukingo wa meza, na mbele ya mwenye duka na mwenzake na mteja aliyekuwa anaingia na kapu la mapazia, akalia kwa sauti.

"Nisamehe," Fundi akasema. "Dada, nisamehe. Yamekwisha."

"Nilishaamini," akasema katikati ya kilio. "Hujui? Nilishaamini kwamba ni mimi. Nimekaa na mikono hii chumbani nikiiogopa. Nyinyi mmeambiwa na nesi. Mimi nilikuwa sina wa kuniambia."

Mwenye duka alimwongoza mteja nje kwa upole, akafunga nusu ya mlango. Fundi alimkumbatia dada yake, na Dada Pasi akakubali kukumbatiwa, kwa sababu alikuwa mdogo wake na kwa sababu alikuwa amechoka. Alimsamehe palepale, na alimaanisha. Lakini Fundi alipomwambia, "Twende sasa, Bosi anakungoja," Dada Pasi alitikisa kichwa. "Nitakuja," akasema.

Wifi alipiga simu jioni ileile, akalia, akaomba msamaha mara nyingi hadi maneno yakaisha maana. "Nilipaswa kusema kitu," akasema. "Nilikuwa mwoga, wifi." Dada Pasi akamwambia usilie, mshono. Wifi akasema mshono umepona siku nyingi. Kisha akaongeza, "Mama anakusalimia sana." Dada Pasi akangoja, labda kuna kingine. Hakukuwa na kingine. "Nami namsalimia," akasema.

Nitakuja ikawa ya wiki hii, ikawa ya wiki ijayo. Palikuwa na kazi nyingi, palikuwa na mvua, palikuwa na mafua ambayo hakutaka kumpelekea mtoto. Fundi alimtumia picha: Bosi amekaa, Bosi ametoa jino, Bosi amejipaka uji hadi nyusi. Alizitazama wakati wa chakula na kumwonyesha mwenye duka, naye mwenye duka alisifu kila moja kana kwamba hajawahi kuona mtoto. Lakini miguu haikwenda.

Iliyomfikisha ni habari nyingine. Fundi alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha barafu, mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Wanahama. "Usipokuja safari hii, dada," akasema, "sijui tutaonana lini."

Akaenda asubuhi ya kuhama. Mlangoni masanduku yamepangana, na lori dogo liko chini linapakia. Wifi alimwona, akamrukia, akamng'ang'ania shingoni. Bibi hakuwapo, alikuwa amerudi kwa mzee wake. Na pale sakafuni, kati ya masanduku, amekaa mtoto mnene mwenye meno mawili, anagonga kijiko kwenye sufuria.

"Bosi," Dada Pasi akasema, akachuchumaa.

Mtoto aliacha kugonga. Alimtazama usoni, kwa makini, muda mrefu. Mdomo ukaanza kupinda. Kisha akaangua kilio cha hofu, akamtupia mama yake mikono yote miwili.

"Ah, siku hizi ndivyo alivyo," wifi akasema haraka, akimnyanyua. "Kila mtu anamlilia, hata baba yake akinyoa ndevu. Ataizoea sauti yako."

"Haidhuru," Dada Pasi akasema. "Ndivyo wanavyokuwa."

Wifi alisimama na mtoto kiunoni, akitafuta jambo la kufanya. Macho yake yakaangukia beseni, chombo pekee ambacho hakikuwa kimepakiwa. "Hajaoga," akasema. "Tuna safari ndefu. Wifi, mwogeshe wewe. Tafadhali."

Wote wawili walijua anachoomba. Fundi, aliyekuwa anafunga sanduku kwa kamba, akaacha kufunga. Dada Pasi aliweka maji mezani, akapima kwa kiwiko, akakunja mikono ya blauzi. Aliifikisha mikono juu ya mtoto. Ikaanza kutetemeka, si kidogo, hadi bangili ikagonga beseni. Akajaribu kuituliza, akavuta pumzi, akajaribu tena. Bosi alikuwa anamtazama, shavu limelowa machozi.

Akaishusha.

"Mwogeshe wewe," akamwambia wifi. "Mimi nitashika taulo."

Wifi akamwogesha mwanawe, huku machozi yakimdondokea ndani ya maji, na Dada Pasi alisimama pembeni na taulo limetandazwa kwenye mikono. Mtoto alipotolewa majini, alimpokea kupitia kitambaa kizito, akamfunika kichwa, akamkausha nyuma ya masikio. Kwa kitambo kidogo Bosi alinyamaza. Alikuwa mzito sasa, na hakunukia tena kama zamani. Alinukia uji na biskuti, harufu ya mtu mwenye maisha yake. Kisha akaanza kujinyonganyonga akimtaka mama, na Dada Pasi akamrudisha.

Lori lilipakiwa likaisha. Walishuka wote hadi mtaani. Wifi alikaa mbele, akaunyanyua mkono wa mtoto na kuupungia dirishani. Fundi alibaki nyuma kidogo, akimshika dada yake bega.

"Utakuja likizo, dada."

"Nitakuja."

Hakuna aliyeuliza likizo ipi. Fundi akapanda, mlango ukafungwa kwa kishindo, dereva akatia gia. Dada Pasi alisimama kando ya barabara hadi lori lilipokata kona, na kwa muda baada ya hapo. Kisha akageuka akaelekea dukani, maana palikuwa na mashuka ya hoteli yaliyotakiwa jioni ileile.